Mchanga wa Skonzi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mitchelle, binti yangu, amepiga simu. Yeye mwenyewe! Mwaka mzima ni mimi ninayepiga, naye anajibu maneno matatu kisha ana kazi. Leo amenisalimu vizuri, akauliza kama Jumamosi naikumbuka. Nimemwambia naikumbuka sana. Jumamosi mama yake atatimiza mwaka kaburini.

Akauliza kama angalau ile sufuria ya mama ya kuokea skonzi ninayo bado. Nikasema ninayo. Hiyo ni kweli. Ningeishia hapo, lakini lile "angalau" lilinichoma. Nikaongeza kwamba naitumia. Kwamba kila Jumamosi naoka, kama alivyokuwa akioka mama yake, Lenah. Kisha akasema, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, kwamba basi atakuja tunywe chai.

Sijawahi kuoka kitu maishani. Miaka thelathini nilikuwa kwenye kiwanda cha magodoro. Nina siku tano.

Jumanne, 9 Septemba

Sufuria ipo chini ya kitanda. Mchanga ndio haupo.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nyumba zetu hapa Kaloleni hazina oveni. Lenah alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaupasha moto jikoni, akaketisha sufuria ndogo ya skonzi juu ya mchanga, akafunika kwa sinia na kupanga makaa juu yake. Mchanga wenyewe aliuchota mtoni kwao Malava mwaka tuliooana. Akaja nao Nairobi ndani ya kikapu, nami nikamcheka njia nzima. Ulikuwa umeshakuwa mweusi kwa moto wa miaka yote hiyo.

Wiki moja baada ya mazishi niliumwaga kando ya mfereji. Nguo zake nikapeleka kanisani. Viatu, vikombe, vitambaa vya viti, vyote nikagawa. Mitchelle alipokuja akakuta rafu tupu, aliniuliza kama nilikuwa na haraka ya kumsahau mama yake. Hajarudi tangu siku hiyo.

Lakini mchanga ni mchanga. Opicho, jirani wa mbele, anajenga vyumba vya kupangisha na ana lundo zima pale nje. Nimelizunguka na karai nikijifanya namtafuta paka wangu. Sina paka. Karai limejaa.

Jumatano, 10 Septemba

Siku njema sana. Nimeulowesha mchanga kuondoa vumbi, nikamwaga maji ya juu, nikaushindilia kwenye sufuria kubwa. Kisha nikaizamisha ile ndogo katikati ili ijitengenezee mahali pake. Lenah hakuwahi kufanya hivyo. Huu ni ubunifu wangu. Nimeianika juani ikauke.

Kawsar amepita akasimama kutazama. Huyu ni jirani wa ukuta mmoja, anayeuza chai, skonzi na anjera, zile chapati laini za Kisomali, pale langoni kila asubuhi. Ameniuliza naoka nini. Nimesema skonzi. Akasema nikitaka anaweza kunionyesha, kazi ya nusu saa tu. Nimemshukuru, nikamwambia sihitaji kuonyeshwa kitu nyumbani kwangu.

Kawsar simpendi. Yeye na Lenah walikuwa wakicheka huko nyuma jikoni, nami nikiingia wanatulia. Watu hupanga foleni kwa skonzi zake. Mimi sijawahi kuzionja, na sitazionja.

Alhamisi, 11 Septemba

Mchanga umekuwa jiwe.

Nimeuita kila jina baya. Nimepiga kwa nyundo, mpini umevunjika. Opicho amekuja na fundi wake kusikiliza kelele. Amenieleza, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba lundo lile fundi alikuwa ameshalichanganya na simiti. Sufuria ndogo sasa imejengewa humo ndani kama nguzo. Kisha akauliza kama yule paka alionekana.

Nimeibeba sufuria ndani, nimeirudisha chini ya kitanda. Nzito ajabu. Nimekaa sakafuni karibu nayo muda mrefu. Ukiacha kiti chake, sufuria ilikuwa kitu pekee cha Lenah nilichobakisha, nami nimekitia simiti kwa mikono yangu. Nimelia. Hata kwenye mazishi sikulia hivyo.

Jioni nimekanda unga hata hivyo, ili nisilale bure. Haukuumuka. Pakiti ya hamira ilikwisha muda wake kabla Lenah hajaugua.

Ijumaa, 12 Septemba

Akili imerudi. Wazo ni hili: Mitchelle anataka kuona skonzi. Hakusema anataka kuona zikiokwa.

Nimeenda langoni, kofia machoni. Nimemwambia Kawsar nina wageni wa kanisa, nahitaji skonzi ishirini kesho mapema. Hakuuliza wageni gani. Ameuliza tu kama Mitchelle hajambo, na kama bado anapenda zile za pembeni zilizoiva sana. Sikujua kwamba Mitchelle anapenda za pembeni.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote.

Saa moja asubuhi skonzi zilikuwa mezani, chini ya kitambaa. Nimewasha jiko nje. Nimejipaka unga kwenye mikono na kidogo kwenye paji la uso. Kipande cha unga nimekitupa kwenye makaa ili nyumba inukie kazi. Imenukia moto wa nyumba kuungua.

Mitchelle amefika saa tatu. Amekonda. Amekaa kwenye kiti cha mama yake bila kuuliza. Tumeomba. Nimemimina chai, amechukua skonzi ya pembeni, ameuma, amefunga macho.

Nami nimeuma. Mungu wangu. Ilikuwa ya Lenah. Ulaini ule ule, na ile chumvi kidogo inayokuja mwishoni ukiwa umeshameza. Mwaka mzima mke wangu alikuwa akiuzwa pale langoni, nami nikipita nimegeuza uso.

Mitchelle akasema polepole kwamba mama hakuwahi kutia iliki. Nikasema hilo ni boresho langu. Akasema mtu anayetia iliki kwenye skonzi hapa ni mmoja tu, naye huitia hata kwenye chai. Nikasema huenda Kawsar ameiga kwangu. Akaniangalia unga wa kwenye paji la uso, akainama na kuivuta sufuria aliyoiona chini ya kitanda. Haikusogea.

Basi nikasema yote. Karai, paka, simiti. Alicheka, kisha hakuwa anacheka tena. Akauliza mchanga wenyewe wa mama uko wapi. Nikamwambia niliumwaga. Nikamwambia nilikuwa nikirudi nyumbani naukuta pale kwenye kona unamngoja mama yake, na mimi ndiye niliyejua kwamba haji. Sikutaka kumsahau. Nilishindwa kuishi na vitu vinavyomngoja. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Mitchelle alinishika mkono, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kawsar akabisha hodi. Ukuta wetu ni mwembamba, nadhani alisikia. Alibeba kopo la rangi, zito, akaliweka mezani. Mchanga. Mweusi. Siku ile nilipoumwaga aliuzoa wote kwa mikono, akauchekecha, na ndio anaookea hadi leo. Lenah ndiye aliyemfundisha, huko nyuma, wakicheka. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, Baba Mitchelle, nilingoja uulize, huu ni wako.

Mitchelle ameniambia kwamba haji hapa kufuata skonzi. Anakuja kwangu, bora tu nisimdanganye tena. Jumamosi ijayo atarudi, tuoke wote wawili, na wiki hii Kawsar anifundishe. Nimeapa. Nimeapa nikiwa nimeshika kopo.

Jumatano, 17 Septemba

Kawsar ameniita Jumapili, Jumatatu na jana. Nimesema mgongo unauma. Kopo sijalifungua. Jumapili niliinua kifuniko kidogo, harufu yake ikatoka, nikakirudisha. Nimeliweka kwenye kiti cha Lenah. Pamekuwa na mtu tena pale, kidogo.

Mchana Mitchelle amepiga simu kuuliza mafunzo yanaendaje. Sauti yake ilikuwa na furaha. Ningeweza kumwambia kwamba nikiupasha moto mchanga ule bila Lenah, nitakuwa nimekubali kwamba harudi.

Nimemwambia nimeshaoka mara tatu, zimeumuka vizuri sana, na Opicho ameomba aongezwe.

Kisha nimevaa kofia, nimeenda langoni, nimemuuliza Kawsar kama Jumamosi mapema, kabla Mitchelle hajafika, anaweza kunitengenezea ishirini bila iliki.