Pleya ya Mzee Kyule

Jumatano, 6 Agosti 2025

Leo nimedhalilishwa na kitu kidogo kuliko kipande cha sabuni.

Nilienda kijijini Tulia kumsalimu Mzee Kyule, baba yake mchumba wangu Wayua, kabla ya siku ya ntheo, siku ambayo sisi Wakamba tunapeleka mbuzi wa posa. Nilibeba sukari, majani ya chai na mkate mkubwa. Nikajiona mwanaume. Kumbe Mulwa ametangulia! Mulwa ndiye aliyemuoa Mbula, dada mkubwa wa Wayua. Analima ndengu kule Kathonzweni, na kwa jinsi anavyosimulia, mvua humnyeshea yeye peke yake. Amemletea mzee pleya ya muziki. Si redio, si simu. Pleya ya headphone na spika yake ndogo, yenye sauti ya hali ya juu, hi-res. Alizunguka nayo sebuleni akieleza kwamba nyimbo za gitaa za zamani zimo ndani kwa biti ishirini na nne, na mwenye masikio atasikia vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi. Tukasikiliza kwa zamu. Nikasema nimesikia vidole. Sikusikia hata kucha.

Mkate wangu ulipelekwa jikoni bila neno.

Lakini nimeona kitu. Mzee Kyule alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa tatu, na la kushoto linaona ukungu. Maandishi ya ile skrini ni madogo kama chawa. Mzee alibonyeza, akakosea, akabonyeza tena, akajikuta alikoanzia. Akaiweka mezani akasema ni nzuri sana, kama mtu anayesifu viatu vinavyombana.

Ntheo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mbuzi watatu wako tayari kwa mjomba Jonah. Lakini sitaki kuingia boma lile nikiwa mkwe nambari mbili. Nimeamua. Pleya ni ya Mulwa, sifa zitakuwa zangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu za wateja zimelala kibandani hapa Kabati zikiwa wazi matumbo. Wangoje. Nimesoma siku nzima. Kumbe pleya kama ile inaweza kutolewa programu iliyotoka nayo kiwandani na kutiwa nyingine, iliyoandikwa bure na watu wasiolala huko duniani. Ndiyo inaitwa firmware. Hiyo mpya ina maandishi makubwa, inakumbuka wimbo ulipoishia, na inasawazisha sauti ili wimbo mmoja usinong'one na unaofuata usikupige kofi.

Shida ni kuipata. Siwezi kumwomba mzee uso kwa uso. Kuna nthoni, ile heshima ya mkwe kwa wakwe, ambayo hata kikohozi unakimeza. Nikamtuma Wayua. Wayua anauza dawa za mifugo ng'ambo ya barabara. Aliuliza pleya inaugua nini. Nikasema haiugui, inahitaji servisi. Akasema kisichougua hakidungwi sindano. Nikamwambia huo ni ushauri wa ng'ombe. Hakucheka, lakini ameahidi kuileta kesho asubuhi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeiua.

Maagizo yalisema betri ijae kwanza. Ilikuwa nusu, na nusu nikaiona ni nyingi. Nilitumia Wi-Fi ya Githaiga, jirani yangu kutoka Nyeri anayeuza kava za simu. Yeye hukupa nywila kisha anakuja kusimama nyuma yako aone unaifanyia nini. Ule mstari wa kupakia ulifika katikati ya skrini. Ukasimama. Skrini ikawa nyeusi. Nilibonyeza kila kitu chenye kubonyezwa. Nyeusi! Githaiga akavua kofia.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Niliogopa. Si Mulwa niliyemwogopa. Nilimwona Wayua akimrudishia baba yake kipande cha chuma kisichosema kitu, na baba akimuuliza ni fundi gani huyu anataka kumuoa. Nimempenda huyu msichana miaka minne. Sina mpango wa pili.

Jioni: IMEFUFUKA! Unachomeka chaja, unashika kitufe cha kuwasha pamoja na cha kushusha sauti, unangoja mpaka dole gumba linakufa ganzi. Nilirudia na kurudia mpaka ikaitika, na programu mpya ikaingia yote. Githaiga anadai wazo lilikuwa lake. Uongo. Alilisoma tu mahali.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimegundua hazina. Programu hii inasema! Ukibonyeza, inatamka mahali ulipo: nyimbo, albamu, mipangilio. Imewekewa wasioona vizuri, yaani imewekewa Mzee Kyule hasa. Shida ni kwamba inasema Kiingereza, kwa sauti ya debe. Lakini mtu anaruhusiwa kurekodi maneno yake mwenyewe, moja moja, na kuyapakia. Sasa Mulwa ana nini? Pleya itakayosema Kikamba!

Nilimwomba Wayua arekodi. Alikubali, ila Jumatatu, kwa sababu leo kuna wateja na kesho kuna kanisa. Akaongeza nisithubutu kuweka sauti yangu. Mkwe hamwamrishi baba mkwe hata kwa mashine. Nikasema sawa. Alipovuka barabara nikafikiri upya. Jumatatu ni mbali. Tena kwa nini mzee asinisikie mimi kila siku? Mtu akikusikia kila siku anakuzoea.

Nilijifungia stoo na blanketi kichwani. Mwanzo nilirekodi kwa adabu zote: "Nau" (ndivyo tunavyomwita baba), "ukiona vyema, hapa ndipo zilipo nyimbo." Lakini ukipita haraka kwenye menyu, programu inakatiza neno na kurukia lingine. Ikawa "Nau, uki— Nau, uki— Nau, uki—" kama mwenye kwikwi. Nikapunguza adabu. Ikakatiza tena. Nikapunguza tena. Mwishowe yalibaki maneno matupu ya Kikamba: Chagua. Ongeza. Rudi nyuma. Acha. Una hakika? Na betri ikikaribia kwisha: Nguvu zinaisha.

Githaiga alisikiliza nje ya mlango. Alisema nasikika kama karani wa chifu. Nimeichukua kama sifa.

Jumatatu, 11 Agosti

USHINDI!

Wayua alipeleka pleya Tulia jana baada ya ibada; nilimwambia kurekodi kwake kunaweza kungoja. Sikumruhusu aiwashe, nilimwambia ni ajabu ya kufunguliwa na mzee mwenyewe. Leo Mzee Kyule amenipigia simu. Yeye, mimi! Anasema anatembea nayo shambani bila miwani, na inamwambia kila kitu. Aliuliza yule kijana aliye ndani ni nani, mbona kama anamjua. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba ni mimi. Simu ikakatika. Mtandao wa huko Tulia si mzuri.

Mulwa amenitumia ujumbe wa neno moja: Hongera. Nimeusoma mara nyingi nikila chapati. Githaiga akaniletea ile methali ya mgema akisifiwa. Mtu wa Nyeri na methali za tembo! Nimemwambia ajishughulishe na kava zake.

Wayua hajapita kibandani leo. Nadhani wateja ni wengi.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa.

Leo mchana Mama Mbula, mama yake Wayua, alitoka mkutano wa akina mama wa kanisa. Akaingia chumbani kubadilisha nguo. Akafunga mlango. Mzee alikuwa ameacha pleya kitandani, chini ya shuka, ikiwa imewashwa. Haya nimesimuliwa na Wayua, amesimama wima, amekataa kiti.

Mama aliketi kitandani kuvua viatu. Akaikalia. Sauti yangu ikamwambia: Chagua. Mama akaruka. Akatazama huku na huku, hakuna mtu. Akavua blauzi, akaketi tena polepole. Ongeza, nikasema. Hapo akaitambua sauti, akapiga kelele iliyosikika hadi sokoni. Alipovuta shuka ajifunike, pleya ikabiringika na kutumbukia chini ya godoro, vitufe vikijibonyeza: Rudi nyuma. Rudi nyuma. Una hakika?

Majirani walifika na jembe na panga. Walinitafuta mvunguni. Walinitafuta kabatini. Mmoja alipanda darini. Mimi, kwa jina langu, Musembi! Na mimi niko Kabati nabadilisha kioo cha simu, mashahidi wapo! Walipoinua godoro niliwaambia, kutoka chini yake, kwamba nguvu zinaisha.

Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata mlangoni hasimami. Mtoto wa chekechea anajua. Nilijitetea kwamba sauti si mtu. Wayua akasema hilo wataamua wazee kesho. Kisha akasema alinitaka ningoje siku mbili tu, na mtu asiyeweza kungoja siku mbili ataishi vipi na mke. Akaondoka bila kuaga. Hilo limeniuma kuliko mapanga.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumeketi Tulia, chini ya paa la ghala, mimi kwenye kiti kifupi kuliko vyote. Mjomba Jonah ndiye aliyenisemea, kwa kuwa mwenye kesi hasemi. Mulwa alikuwepo. Ametoka Kathonzweni alfajiri, shati jeupe limepigwa pasi. Kumbe ndengu zinajilima.

Swali lilikuwa kama sauti ya mtu ni mtu. Walibishana sana. Mzee mmoja alisema redio imeingia vyumba vyote vya Tulia, na hajawahi kusikia mtangazaji ametozwa mbuzi. Nilimpenda mzee huyo kwa moyo wote. Mwingine akajibu kwamba mtangazaji hakuja hapa kuoa. Wote wakaitikia.

Hukumu: mbuzi wa nne, wa faini. Na sauti yangu itoke leo leo. Hapo Mulwa, kwa ule upole wake, akajitolea kurekodi yeye. Nilikaribia kusimama! Lakini Mama Mbula akajibu kutoka jikoni kwamba mkwe ni mkwe, wa ndengu na wa simu, na kwamba sauti ya kusema chumbani mwake ni ya mwenye chumba. Mulwa akatazama viatu vyake. Siku haikuwa mbaya yote.

Mwisho akazungumza Mzee Kyule, akimwangalia Jonah ili asiniangalie mimi. Mbuzi watapokelewa Jumamosi. Lakini nikileta jambo lingine la kutia aibu nyumba yake, hata dogo, wote wanne watarudi Kabati kwa miguu, na Wayua ataolewa na mtu asiyejua kompyuta.

Nimeelewa. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamepokelewa! Wote wanne! Mmoja alikula maua ya Mama Mbula pale mlangoni, lakini halikuhesabiwa. Wayua alivaa kitenge cha kijani. Hakuniangalia mpaka chai ilipoletwa, halafu akaniangalia. Nikaenda nyuma ya tanki la maji nikalia kidogo. Nikawaambia ni vumbi, na kweli kulikuwa na vumbi.

Harusi ni Desemba, Mungu akipenda na mzee asipobadilika.

Mama Mbula amerekodi maneno yote, Wayua amemshikia simu. Hakurudia hata moja. Sasa mzee anatembea shambani akiambiwa acha, rudi nyuma, una hakika. Nimemwona akibonyeza haraka haraka na kuondoa kidole, kama anayegusa sufuria ya moto. Lakini nyimbo anazipata.

Jumanne, 19 Agosti

Wayua ametaja, katika mazungumzo tu, kwamba mama yake husahau dawa ya presha ya alfajiri. Jana aliona kizunguzungu jikoni. Hakuniomba kitu. Lakini mimi ni mkwe, nitanyamazaje? Pleya ina saa ya kuamsha! Na programu yangu inaruhusu sauti ya mtu mahali pa kengele. Bahati nzuri pleya iko kwangu hadi kesho, kuna maneno mawili ya Mama yaliyosikika vibaya na ninayarekebisha.

Safari hii sikurupuki. Nimekaa chini kama mtu mzima nikachunguza kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa sauti ya mkwe. Basi haitakuwa yangu, wala ya Mulwa. Ya Mama mwenyewe haifai, mtu haamki kwa kujiita. Inatakiwa sauti ya mtu wa heshima, asiye jamaa, ambayo Mama akiisikia anainuka mara moja.

Nimeipata. Mchungaji Nthiwa, aliyetuombea Jumamosi! Mke wake alifariki mwaka juzi, na tangu hapo akina mama wote wa Tulia humpikia kwa zamu. Sauti yake ni nzito na tamu, hata matangazo ya harambee akiyasoma unafumba macho. Nilimwambia ni ya kumkumbusha mgonjwa dawa. Hakuuliza kifaa kitawekwa wapi. Alirekodi mara moja, na neno "mpendwa" akaliongeza mwenyewe, kwa upendo tu.

Wayua sijamwambia. Angesema tungoje. Nimeongeza sauti hadi mwisho kwa sababu Mzee Kyule analala fofofo na pleya iko upande wake. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, gizani, itamwita kwa upole: "Mama Mbula, mpendwa wangu, amka. Niko hapa."