Kabichi Haisemi Uongo

Jumatatu, tarehe 3

Iandikwe na ihifadhiwe: leo, mbele ya mashahidi, nimekabidhiwa kabichi.

Si ya kula. Kabichi ya zambarau, mali ya maabara ya kemia ya chuo kikuu. Mashahidi walikuwa Profesa, feni iliyoharibika, na mwenzangu ninayegawana naye stoo. Humu nitamwita Kishindo, maana hajawahi kufunga mlango kama binadamu.

Wiki hii wanafunzi wa shule wanatutembelea kufanya majaribio kwa mikono yao wenyewe. Sisi wahudumu, ambao kazi yetu ni kuosha chupa, tumepewa kila mmoja meza yake. Mimi: maji ya kabichi, ambayo ukidondoshea siki yanakuwa mekundu, ukidondoshea sabuni yanakuwa ya kijani. Kishindo: mlima wa udongo wenye magadi tumboni. Ukimimina siki, unatapika povu hadi sakafuni.

Yeye mlima, mimi mboga.

Profesa kasema Ijumaa atamteua mmoja wetu kuwa msimamizi wa ziara zote za shule. Atashinda yule ambaye watoto watagoma kuiacha meza yake kengele ikilia. Mshindi atapewa koti jeupe lenye jina lililodariziwa kifuani, na chumba cha juu chenye ufunguo. Ufunguo! Stoo yetu inafungwa kwa kipande cha waya, na dirisha liko upande wa Kishindo.

Nyumbani nikatangaza habari. Mama mkwe akauliza kama kabichi itabaki. Binti yangu akaruka hadi kiti kikaanguka: darasa la Ijumaa ni lao! Na ameshawaambia wenzake kwamba baba yake ndiye mkuu wa maabara. Mimi sikumwambia hivyo. Alikisia mwenyewe, nami sikupenda kumkatisha tamaa.

Sasa lazima niwe mkuu kabla ya Ijumaa.

Jumanne, tarehe 4

Darasa la kwanza. Aibu.

Watoto walikuja mezani kwangu kwa adabu, wakatazama maji yakigeuka mekundu, wakasema asante, wakaondoka. Asante! Kama wamepewa kiti kwenye msiba. Kisha mlima wa Kishindo ukatapika, na kelele zake zikamtoa mkutubi jengo la pili kuja kuuliza nani ameumia.

Kengele ikalia. Watoto waling'ang'ania meza ya Kishindo mpaka mwalimu wao akaanza kuwabandua mmoja mmoja. Kwangu alibaki msichana mmoja tu. Nikamuuliza kwa upole kama ameipenda kabichi. Akasema hapana, anaogopa mlima.

Kishindo alinipiga bega akaniambia nisijali, mboga ni afya.

Jumatano, tarehe 5

Nimebuni mkakati. Nimeisukuma meza yangu hadi mlangoni kabisa. Mtu asipite bila kukutana na kabichi. Wakati wa kuondoka, kengele ikilia, wote watajikuta wamejazana kwangu, na Profesa ataona kwa macho yake.

Walijazana kweli. Mlima ulipotapika, waliokuwa nje walisukuma kuingia, waliokuwa ndani walirudi nyuma kukwepa povu, na wote wakakutana juu ya meza yangu. Bakuli zima la maji ya kabichi likanimwagikia kifuani. Shati langu jeupe, la arusi ya shemeji, likawa la zambarau. Profesa alichoona kwa macho yake ni mimi.

Nyumbani mke wangu akalichukua shati, akalitia kwenye beseni la sabuni. Likawa la kijani! Alirudi nyuma hatua nzima, akanitazama kama mtu aliyeletewa jini ndani ya nguo chafu. Mama mkwe alisema siku hizi hata madoa yana tabia mbaya.

Binti yangu peke yake alifurahi. Ikabidi nimweleze. Nikamwambia mwanangu, siki ni siki na sabuni ni sabuni, hata ukiziita majina mengine. Kabichi haisemi uongo. Akalirudia lile neno mpaka akalala. Nilijisikia msomi.

Alhamisi, tarehe 6

Habari njema: Kishindo ana mafua. Pua zimeziba zote mbili. Leo hakuna darasa, kwa hiyo alishinda stoo akipiga chafya, na kila chafya ilikuwa kama jina lake.

Wazo likanijia lenyewe. Siki yetu ni nyeupe, inafanana na maji kama pacha. Kinachoitofautisha ni harufu. Kishindo hanusi. Na watoto hawaruhusiwi kunusa: kwenye ukuta wa maabara kuna tangazo kubwa, USINUSE, USIONJE, USIKIMBIE. Niliandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, Profesa akasifu mwandiko.

Kishindo alipokwenda kunywa maji ya moto, niliimimina siki yake yote kwenye chupa yangu ya maji ya kunywa, nikaijaza chupa yake maji ya bomba. Siki yangu, ile kidogo ya kudondoshea kabichi, sikuigusa. Kesho mlima utakaa kimya kama kichuguu, na watoto watarudi kwa mzee wa kabichi. Mbele ya binti yangu!

Nimefika nyumbani nimechoka kwa furaha, nikaiweka chupa mezani, nikaenda kuoga. Nikasikia yowe. Mama mkwe alikuwa ametia siki yote kwenye birika akapika chai. Alikunywa funda moja. Nilipofika, macho yamemtoka na mkono uko kooni, akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama nina haraka ya kurithi kiwanja chake.

Nikaapa ni siki tu, ya kazini. Akatulia. Akasema siki nzuri haimwagwi, akaigeuza chai ile kuwa dawa ya kusafishia madirisha. Binti yangu alishika kitambaa akamsaidia. Kweli vioo vimeng'aa.

Ijumaa, tarehe 7

Nitaandika kwa mpangilio.

Darasa la binti yangu liliingia. Alinionyesha kwa wenzake kwa kidole, na mimi nikasimama kama picha. Kishindo akajaza magadi mlimani, akamimina ile "siki". Kimya. Akamimina tena. Mlima ukalowa tu. Mtoto mmoja akauliza kama umekufa.

Hii ndiyo saa niliyoiota! Nikasafisha koo, nikawaalika waje kwangu. Hakuna aliyegeuka. Kishindo, na pua zake zilizoziba, aliwaambia:

"Sijui kwa nini. Tutafute pamoja."

Sijui! Mtu mzima, mbele ya Profesa, anasema hajui, na watoto wakamzunguka kama kagawa peremende. Wakaanza kubishana. Mmoja akasema magadi yamechacha. Mwingine akaja mezani kwangu, akachukua ndimu niliyoiweka kujaribia kabichi, bila hodi, akaikamulia kwenye magadi. Yakatoa povu. Basi magadi ni mazima, kosa liko kwenye siki. Mmoja akainamisha pua kwenye chupa, wenzake wote wakapiga kelele na kumwonyesha tangazo langu. Usinuse!

Hapo mkono ukanyooka nyuma. Niliufahamu mkono ule. Nimeununulia bangili.

"Baba ana maji ya kabichi," akasema. "Tuyaulize."

Nikamwambia mwanangu, leo kabichi imechoka.

"Juzi ulisema kabichi haisemi uongo."

Darasa zima likanitazama. Profesa pia. Nikasogeza bakuli. Binti yangu akachukua mrija, akadondoshea siki yangu: nyekundu. Akachukua bakuli jingine, akadondoshea siki ya Kishindo: zambarau. Akaongeza. Zambarau vilevile.

"Ni maji," akasema.

Walishangilia kuliko siku zote mlima ulipotapika. Kengele ikalia na hakuna aliyeondoka. Mwalimu wao mwenyewe alivuta kiti. Profesa alikuwa anang'aa. Alisema miaka yote watoto wanakuja kutazama povu, leo wamekuja kufikiri. Akauliza nani kati yetu aliyebuni fumbo hili zuri.

Kishindo akafungua mdomo. Nilijua atasema tulishirikiana! Nikawahi. Nikasema ni mimi, peke yangu, na mwenzangu hakujua lolote.

Profesa akamgeukia Kishindo, akamuuliza kama ni kweli hakujua. Kishindo akapiga chafya, akasema hakujua, alidhani udongo umepasuka. Profesa akanigeukia mimi. Akauliza siki ya idara iko wapi basi.

Binti yangu, kwa moyo wote, akitaka baba yake ashinde, akajibu:

"Iko kwenye madirisha ya nyumbani. Bibi alianza kwa kuipika chai."

Hata mkutubi alikuja kuuliza wanachekea nini.

Uteuzi umefanyika. Kishindo ni msimamizi, kwa sababu, Profesa kasema, mtu anayeweza kuwaambia watoto sijui anafaa kuwaongoza. Ufunguo kapewa palepale. Mimi nimebaki na sinki. Binti yangu kavalishwa koti la Profesa, mikono ikiburuta chini, akapigwa picha katikati ya bakuli mbili. Kwa hiyo koti limeingia kwenye familia. Hilo hawawezi kulifuta.

Tulipokaribia nyumbani binti yangu akaniuliza kama niliitoa siki ili Bwana Kishindo ashindwe. Nikamwambia sayansi ina mambo mengi. Akafikiri. Akasema wenzake wameuliza kama mimi ndiye mkuu, akawaambia hapana, baba anaosha chupa, lakini maji ya kabichi anayapika mwenyewe.

Alisema hivyo bila hasira yoyote. Nikambebea mkoba wake.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekaa siku mbili nikitafakari, na nimelitambua kosa langu. Nilitumia maji! Maji hayana chochote. Kilichohitajika si mlima usiotapika. Ni mlima unaotapika kupita kiasi.

Nimeamka kabla ya wote. Mke wangu kauliza naenda wapi mapema hivi, nikamwambia wajibu. Binti yangu alikuwa bado amelala fofofo, miguu ukutani. Nikashangaa kidogo, lakini sikuwa na muda wa kushangaa.

Nimejaza magadi mlimani mpaka shingoni. Nimeleta siki kali kutoka nyumbani, ile aliyonunua mama mkwe kwa ajili ya madirisha, maana sasa hataki kitu kingine. Basi la wanafunzi likifika, Kishindo atamimina, povu litamfunika hadi kwenye zile nyuzi za jina lake kifuani, naye atakimbia mbele ya wote, chini ya tangazo langu la USIKIMBIE. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni na kitambaa. Profesa ataona nani ametulia.

Nimepanga viti. Nimevaa shati la kijani. Nimesimama mlangoni asubuhi nzima, jua likanihamisha kutoka nguzo moja hadi nyingine.

Mwishowe askari wa getini akanifuata. Akaniuliza, kwa heshima, namsubiri nani. Nikamwambia darasa.

Shule zimefungwa tangu Ijumaa.