Ukuta wa Jamali na Waifai Yangu

Jumatatu, 3 Novemba

Jamali ameweka antena juu ya paa. Jamali huyu huyu, jirani yangu, muuza mawese, mtu ambaye mwaka jana alikuwa anashika simu kwa mikono miwili. Sasa ana waifai. Ametangaza kwamba yeyote anayetaka aje akae ukutani kwake, neno la siri atapewa. Bure! Mtu anayetoa vitu bure ana lake jambo.

Saa kumi nilihesabu watu kumi na wanne kwenye ukuta ule. Wa kumi na nne alikuwa Fahima.

Niandike hapa ambalo sijamwambia mtu. Miaka miwili sasa, tangu amalize eda, Fahima akitoka sokoni kuuza vitenge anapita kwangu, anakaa kwenye benchi mbele ya cherehani, ananiambia ya siku nzima. Mimi nashona, yeye anasema. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri wa kumwambia neno. Leo amepita, amenisalimia, amenyoosha mpaka ukutani kwa Jamali. Akacheka huko. Nilisikia kicheko chake mara sita. Kwangu rekodi ni mara nne.

Nimeshona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia.

Jumatano, 5 Novemba

Sitaomba neno la siri la Jamali. Bora nife sijui habari za dunia.

Nimemwita Niyonzima, fundi wa simu wa pale stendi. Nimempa cherehani yangu ya pili, naye amenipa kisanduku cha waifai, kimetumika kidogo tu, taa moja haiwaki lakini anasema si ya lazima. Amekifunga juu ya kabati. Akaniuliza mtandao uitwe nani. Nikasema AYUBU FUNDI NAMBA MOJA, kwa herufi kubwa, ili kila mwenye simu kartiye nzima, mtaa wote huu, alione jina langu hata akiwa amekaa kwenye ukuta wa watu.

Halafu Niyonzima akanifundisha usalama. Akasema neno la siri lisiwe jina langu wala namba ya simu. Liwe kitu kilicho moyoni mwangu tu, ambacho mtu mwingine hawezi kukikisia. Na nisimpe mtu. Nimefuata maagizo barabara. Nimeweka FahimaMkeWangu.

Sasa Fahima atarudi kwenye benchi. Mimi ninayo na Jamali anayo, lakini kwangu kuna kivuli.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbili na waifai nzima peke yangu. Inakimbia! Sina wa kumpigia.

Fahima amekaa ukutani tena. Nilimwambia kwa mbali kwamba hata kwangu sasa ipo. Akajibu vizuri tu, akaniambia hongera, akaendelea na simu. Akufukuzaye hakwambii toka.

Mchana Joanita wa nyumba ya nyuma alileta sahani. Ndagala wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, mchicha wa lengalenga, na bugali wa muhogo bado una moshi. Mwanamume anayekula peke yake akiona sahani ya namna hiyo akili inahama. Nikala. Joanita akakaa anasubiri sahani yake, huku akieleza polepole kwamba ana dada yake huko Uvira, Kongo, ambaye hajamwona uso tangu mvua za mwaka jana, na kwamba ukuta wa Jamali umejaa.

Hapa ndipo shida ilipo. Sahani ya jirani hairudi tupu. Mama yangu, Mungu amrehemu, angefufuka kunipiga. Nilitazama ndani: kitunguu kimoja kilichoota, chumvi, na vifungo. Huwezi kuweka vifungo kwenye sahani ya mtu. Basi nikachukua kikaratasi, nikaandika neno la siri, nikakiweka katikati ya sahani, nikafunika na kitambaa kisafi. Joanita akasema murakoze cane, asante sana, akaenda.

Nilikuwa nanawa mikono nilipokumbuka neno lenyewe linasemaje.

Nilikimbia mpaka uani kwake. Alikuwa amekwisha kulisoma kwa sauti, kwa dada yake kwenye simu na kwa majirani watatu.

Jumapili, 9 Novemba

Kisanduku kinaonyesha simu thelathini na moja ndani ya mtandao wangu. Thelathini na moja! Watu ambao siwajui wananiita shemeji. Mama mmoja wa kule chini ufukweni alileta sahani ya maharage, nami nikaona haya, nikaandika kikaratasi kingine, ingawa alikuwa nalo tayari. Alitaka tu aone mwandiko wangu.

Waifai imekuwa nzito kama punda mgonjwa. Picha moja tu inachukua muda wa kupiga pasi suruali mbili.

Fahima hajaonekana leo. Jamali ameonekana sana. Amenisalimia huku anatabasamu. Sipendi meno yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Amekuja.

Amekaa kwenye benchi. Mimi nikakanyaga cherehani bila uzi, ili mikono iwe na kazi. Akauliza kama ni kweli. Nikasema inategemea ameambiwa nini. Akatoa kikaratasi, mwandiko wangu. Nikasema ni kweli.

Hakukasirika. Alikizungusha kikaratasi kidogo, kisha akasema, "Ayubu, mutu akipenda mutu anatuma mushenga. Hatumi sahani ya Joanita."

Nikasema nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Akasema miaka miwili ni wakati wa kutosha, hata kwa suti ya vipande vitatu. Akaeleza kwamba mkubwa wake ni kaka yake aliyebaki Kigoma, yeye ndiye wa kumwoza. Atapiga simu ya picha Ijumaa, saa kumi kamili. Nimtafute mzee wa kusema kwa niaba yangu. Kaka ana maneno machache na subira ndogo, hapendi kungojeshwa.

Nimekubaliwa! Sijakubaliwa, lakini nimeelekezwa mlango. Nimefunga duka mapema bila sababu nikatembea mpaka ufukweni na kurudi.

Jumatano, 12 Novemba

Mzee Karimu amekubali kuwa mshenga wangu. Ni mtu wa msikitini, hasemi uongo, hata ule mdogo wa heshima.

Jioni Jamali alinijia mwenyewe. Akanipa mkono, akasema kartiye nzima imefurahi. Kisha akasema, nanukuu: "Ijumaa mukae kwangu. Kwako iko watu wengi ndani, picha itakatika. Kwangu iko sawa, na kiti nitaweka."

Nimemshukuru. Nimerudi ndani nimekaa kitandani nikifikiri. Kwa nini anataka posa yangu ipitie kwake? Ili kaka aone nyumba yake yenye rangi? Ili siku zote isemwe kwamba Ayubu alioa kwa waifai ya Jamali? Na Fahima anapocheka kwenye ule ukuta, anamcheka nani, anacheka na nani? Wivu unanichoma, naandika wazi, kama pilipili kwenye jicho. Sitakanyaga pale.

Posa itapita kwenye AYUBU FUNDI NAMBA MOJA. Dawa ni moja tu: kuwafukuza wale thelathini na moja. Kubadilisha neno la siri.

Ijumaa, 14 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilibadilisha neno la siri. Safari hii herufi ishirini na mbili, kubwa na ndogo, namba, alama za kuuliza, bila jina la mtu. Refu ajabu. Karatasi haikuwepo karibu, na karatasi nimekwisha kuiogopa, kwa hiyo nikaliandika kwa chaki ya kushonea, upande wa ndani wa kiuno cha suruali iliyokuwa mezani. Wale thelathini na moja wakatoka wote kwa mara moja. Nilisikia mguno uani kwa Joanita. Nikataka kuliingiza kwenye simu yangu, umeme ukakatika.

Sawa. Nikasubiri. Wakati nasubiri nikafanya kazi. Nikapiga pasi ya mkaa nguo za wateja. Mwalimu Ndayisaba akaja kuchukua suruali yake, akaivalia hapo hapo nyuma ya pazia, akarudi shule. Nikaenda msikitini. Nikaoga. Nikavaa kanzu. Mzee Karimu akaja, nikamkalisha. Saa tisa na nusu umeme ukarudi, taa za kisanduku zikawaka, zile zinazowaka. Nikaenda mezani kusoma neno la siri.

Nilifika shuleni mbio, kanzu nimeikunja mkononi. Mwalimu Ndayisaba alikuwa mbele ya darasa la sita anafundisha hesabu za sehemu. Nilimwomba atoke kidogo. Nikamweleza. Ni mtu mwelewa, nitamshonea bure siku moja. Tukaenda nyuma ya choo, akaivua, tukaigeuza kiuno kwenye jua. Safi kabisa. Pasi yangu ilikuwa imeondoa chaki yote. Mimi hupiga pasi vizuri.

Nilirudi saa kumi na dakika arobaini. Kiti nyumbani kwangu kilikuwa kitupu. Mzee Karimu, alipoona saa kumi inafika na simu niliyomwachia haishiki kitu, alivuka akaenda ukutani kwa Jamali. Jamali akampa neno la siri, akampa kahawa, akashika simu ili mkono wa mzee usichoke. Kaka akatokea kwenye kioo. Akauliza mwoaji yuko wapi. Na Mzee Karimu, ambaye hasemi uongo, akamjibu kwamba mwoaji yuko shuleni anamvua mwalimu suruali.

Kaka akakata simu.

Jumamosi, 15 Novemba

Fahima amekuja asubuhi kabla ya soko. Hakukaa.

Nilianza mimi. Nilisema yote, kwamba Jamali amepanga haya, kwamba anamtaka, kwamba antena ile ilipandishwa kwa ajili yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwamba Jamali ana mke ambaye kartiye bado haijamwona. Anaitwa Tahira, yuko Gitaza kwa mama yake mgonjwa, anaanika ndagala huko, na waifai ile iliwekwa ili waonane kila jioni. Fahima hukaa ukutani kwa sababu hata yeye ana mtu wa mbali, kaka yake. Anacheka kwa sababu Jamali na mkewe wanagombana kwenye simu kuhusu vyungu.

"Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali, Ayubu," akasema. "Nilitaka ukae tu."

Nilisema samahani, nikasema tena.

Akasema amemlilia kaka usiku mzima na kaka amelegea. Atapiga mara moja tu tena, Jumanne saa kumi. Anataka kumwona mwoaji kwa macho yake, amekaa karibu na Fahima, ametulia. Iwe kwa Jamali, kwa sababu pale picha haikatiki. Nisilete fundi. Nisilete kisanduku. Nilete uso.

Nimeelewa. Nimeelewa mpaka chini kabisa! Wivu ni ugonjwa, na mimi leo nimepona. Nilimwendea Jamali nikamwomba radhi, naye akanipa chupa ya mawese.

Jumanne, 18 Novemba

Jana nilifikiri sana. Nimepona wivu, hilo liko palepale. Lakini heshima ni jambo jingine. Shemeji ananiona kwa mara ya kwanza, anaiona sura yangu juu ya ukuta wa mtu, kwenye mtandao wa mtu. Atasema nini? Atasema dada yake anaolewa na mgeni wa Jamali. Wivu haumo humo.

Niyonzima amekichoma kisanduku kwa sindano yangu kwenye kitundu cha nyuma, kikasahau kila kitu, tukaanza upya. Akasema kikipata antena ya juu, picha haitakatika kamwe. Akanipa antena kwa bei ya cherehani yangu ya kwanza, naweza kushona kwa mkono kwa sasa. Saa nane nilipanda juu ya bati na mwanzi mrefu. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: saa tisa nimemaliza, saa kumi kasorobo namwita Fahima aje kwangu.

Mwanzi ulikataa kusimama. Nikaufunga, ukalala. Nikaufunga tena. Saa kumi kasoro tano Jamali alikuja akashika ngazi, akaniambia Fahima amekwisha kukaa, kiti cha pili kiko pembeni yake, nishuke. Nikamwambia skrubu moja tu. Kutoka juu nilikuwa naona vizuri sana, ziwa lote mpaka Kongo, na karibu zaidi Fahima na kitambaa chake cha kijani. Simu ikalia. Nilimwona anaongea, anageuka kutazama kiti, anatazama juu kwangu. Nikampungia bisibisi. Hakupunga.

Jamali aliniita mara tatu. Mara ya mwisho hakuita kwa sauti, alisema tu jina langu.

Saa kumi na robo Fahima alisimama, akakunja kile kiti, akamrudishia Jamali, akaenda zake kwa njia ya sokoni ambayo haipiti kwangu. Jamali akaniambia kaka amesema wasimpigie tena kwa habari ya Ayubu. Akaniachia ngazi.

Nimeshuka jua linakaribia kuzama, kazi imekamilika. Nimeipima kwa futi yangu ya kushonea. Antena yangu imeizidi ya Jamali kwa inchi kumi na nusu. Picha haikatiki hata kidogo. Kesho Fahima akipita nitamwonyesha.