Jinsi Nilivyoijua London Bila Kuondoka Kitengela

Jumapili, 2 Julai 2000
Kanisa rafiki letu la London limealika watu wawili mwezi wa Septemba: Pasta Kisemei na mshirika mmoja. Wanalipa kila kitu. Pasta ameomba apewe mtu anayeufahamu mji ule, kwa sababu yeye hata Nairobi hupotea. Jumapili ijayo wanaotaka nafasi watazungumza mbele ya ushirika, wazee wachague.

Tumejitokeza watatu. Mimi. Macharia wa hardware, ambaye mbali kwake ni Arusha, alikoenda kununua misumari. Na Mama Kui, mwalimu mstaafu, ambaye binti yake ni nesi huko London na amejifungua mtoto. Nyanya hajamwona mjukuu ila kwa picha. Kanisa zima lilimtazama kwa huruma. Nikaona nafasi inaniponyoka. Nikasimama tena nikasema mimi nimerudi kutoka London mwezi uliopita tu.

Sijui maneno yalitoka wapi. Namalwa, mke wangu, aliinua Biblia akajifunika uso. Juni yote nilikuwa kwa shemeji yangu Rombo, likizoni, nikivuna vitunguu. Lakini majirani niliwaambia niko safarini, na Rombo ni safari.

Jumatatu, 3 Julai
Namalwa amesema hatanichongea, ila akiulizwa atasema ukweli. Nikamwambia nani atamuuliza. Shida yangu ni nyingine. Kuhusu London ninajua malkia, mvua na mpira. Vitu hivyo hata Macharia anavijua.

Jumatano, 5 Julai
Mungu yuko! Nimenunua nusu kilo ya nyama kwa Parmuat wa bucha. Ameifunga kwenye gazeti kuukuu kama kawaida. Namalwa akachukua nyama, mimi nikachukua gazeti. La Jumapili, 11 Juni. Ukurasa mzima: mambo mapya kwa mgeni anayezuru London. Una damu pembeni lakini unasomeka.

Kuna gurudumu refu kando ya mto. Unaingia kwenye chumba cha kioo, unazungushwa polepole, unauona mji wote. Kuna kituo kikuukuu cha kuzalisha umeme kilichogeuzwa jumba la picha. Hapo nilirudia kusoma. Sisi stima inakatwa asubuhi mpaka jioni, wenzetu wana vituo vya ziada vya kutundikia picha. Na kuna daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, limefunguliwa jana yake. Jana yake! Hakuna mtu wa Kajiado nzima atakayenishinda kwa habari mpya namna hii.

Ijumaa, 7 Julai
Nimerudi kwa Parmuat, nikamwomba anifungie na magazeti ya siku zilizofuata. Akasema gazeti lake halichaguliwi. Nikanunua matumbo, nikapata matangazo ya vifo. Nikanunua maini, nikapata bei ya mahindi. Nikaacha. Namalwa ameuliza kama tunatarajia wageni.

Jioni Mama Kui amekuja na picha ya mtoto. Aliniuliza kwa heshima zote, mimi mwenye kuijua London, kama sweta anayomfumia itatosha baridi ya huko. Nikamwambia baridi si kitu, tatizo ni ndege, zinawasumbua sana watu waliopita miaka sitini. Akashukuru kwa ushauri, akaifunga picha yake kwenye leso, akaenda. Nilijisikia vibaya mpaka alipopita kona.

Jumapili, 9 Julai
Macharia alitangulia. Alieleza mpaka wa Namanga kwa kirefu, akaketi.

Kisha mimi. Gurudumu niliwapandisha wote, wakashuka wakicheka. Kwenye kituo cha umeme waliguna kwa uchungu. Nikamalizia na daraja. Nilisema nilivuka tarehe 24 Juni, baada ya chakula cha mchana. Nilisimama katikati, nikatazama maji, nikaliombea kanisa la Kitengela. Wazee walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Kiti cha ndege nilikuwa nimeshakikalia.

Ikawa zamu ya Mama Kui. Alikuwa na barua ya binti yake. Alisema amefurahi kusikia daraja limefunguliwa tena, maana Kui alitaka kumpeleka.

"Kui ananiandikia hiyo daraja iliyumba watu wakipita," alisema, akinigeukia mimi. "Ikafungwa siku ya tatu. Sasa Baba Morgan, wewe ulipitia wapi?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Nikajibu kwamba kuna mlango wa wageni. Macharia akauliza kama wageni wana mto wao pia. Kanisa likacheka. Pasta, mtu mpole, akamgeukia Namalwa, akamuuliza mzee wake alikuwa wapi mwezi wa Juni.

"Alikuwa Rombo kwa ndugu yangu, Pasta. Alivuna vitunguu. Hata tuko nazo gunia moja kwa nyumba."

Wazee hawakutoka hata nje kushauriana. Mama Kui ndiye anayekwenda. Alilia pale pale, picha mkononi. Aliponipita mlangoni alinisalimia vizuri tu, na hiyo salamu imeniuma kuliko kicheko cha Macharia.

Jumatano, 12 Julai
Mji mzima unaniita Bwana Thames. Wazee wamekuja nyumbani: nitubu hadharani Jumapili, la sivyo nitolewe kwaya ya wanaume.

Namalwa anataka niende kwanza kwa Mama Kui nimwombe msamaha, sisi wawili tu. Sioni faida ya kutubu mahali pasipo na watu.

Jumapili, 16 Julai
Nilipanda mbele. Nikasema yote: vitunguu, nyama, gazeti, daraja. Nilitegemea kuzomewa. Nilipofika kwenye damu ya gazeti mama mmoja akaanza kulia. Mwingine akafuata. Kwaya ikaimba bila kuambiwa. Macharia mwenyewe alinikumbatia, akanilowesha shati kwa machozi.

Baada ya ibada mgeni mmoja, mchungaji kutoka Kiserian, alinishika mkono. Anataka niwapelekee ushuhuda huu Jumamosi kwenye mkutano wao wa hadhara. Watanitumia gari. Namalwa aliniuliza kama sasa nitakwenda kwa Mama Kui. Nikamwambia wiki hii nina maandalizi mengi.

Jumatatu, 17 Julai
Nimeusoma ushuhuda wangu kwa sauti. Ni mfupi. Kusingizia safari ni dhambi ya nyumbani, haitoshi uwanja mzima. Nimesikia kuna ndugu aliyekuwa mchawi, sasa anaitwa kuhubiri mpaka Uganda, na kwa ndege.

Kwa hiyo nilikuwa mwizi wa magari. Miaka mitatu jela, kisha nuru ikaniangukia nikiwa nimelala sakafuni. Sakafu nimeiandika vizuri sana, mpaka nimelia mwenyewe. Kama niliua mtu bado sijaamua. Nitaangalia kwanza watu wa Kiserian wamejaa kiasi gani.