Kapiteni wa Mipira Mitatu

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa sita, 1998

Msimu wa kriketi umeanza. Vumbi tupu, na mbuzi katikati ya kiwanja cha shule, lakini umeanza. Mzee Thabit, mwanzilishi wa klabu yetu, alitukusanya akasema magoti yake yamekataa. Mwaka huu atachagua kapiteni mpya, na atamtaja siku ya mechi ya mwisho na Wahindi wa mjini. (Mechi zote ni na Wahindi wa mjini. Bujumbura nzima hakuna timu nyingine.)

Nikanyoosha shati. Nani mwingine? Mimi Tajudini, muuza vifungo na nyuzi wa Buyenzi, ndiye ninayetunza magongo ya klabu uvunguni mwa kitanda changu tangu vita ilipoanza. Mke wangu Khadidja analala juu ya klabu nzima na halalamiki. Analalamika kidogo.

Kisha Mzee akamleta mtu mpya. Massoudi, fundi wa breki. Kriketi alijifunzia Kampala. Mrefu, meno meupe, mikono ya grisi. Akarusha mpira mmoja tu, vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji vyote vikalala chini. Wote wakashangilia.

Mimi pia nilipiga makofi. Machache, kwa adabu.

Jumanne, tarehe 9

Redio inasema wakubwa wanakwenda Arusha kuzungumza amani. Vizuri. Lakini ukapiteni wa Buyenzi hautazungumzwa Arusha. Lazima nijitegemee.

Nimepata wazo. Nchi jirani zimetufungia mipaka, hakuna kifaa cha kriketi kinachoingia, na wachezaji wetu wanapigwa na mpira kwenye mifupa ya miguu hadi wanachechemea. Mimi nina nyuzi, nina sindano, nina vitambaa vya mapazia vilivyobaki. Nitashona kinga za miguu! Ndani sponji ya godoro.

Khadidja aliuliza godoro gani. Nilikuwa nimeshalikata.

Jumamosi, tarehe 13

Mechi ya kwanza. Kinga zangu zilitoka vizuri, buluu yenye maua ya waridi. Wanajeshi wanaolinda njiapanda, ambao kila Jumamosi hukaa juu ya ukuta wa shule kututazama, walicheka hadi mmoja akashuka kuvuta pumzi.

Massoudi alizivaa kwanza kwa sababu ndiye aliyeanza kupiga. Akasimama asubuhi nzima. Mpira unamgonga miguuni, hashtuki, anatabasamu, anapiga unaofuata nje ya kiwanja. Tumeshinda. Kiwanja kizima kinaimba miguu ya Massoudi.

Mzee Thabit akanishika bega. Nikajua saa yangu imefika. Akaniuliza kama nimeona miguu ya yule bwana. Nikamkumbusha nani alizishona zile kinga. Akasema kweli, Mungu anibariki, nimshonee Massoudi jozi ya pili.

Jioni Khadidja alipeleka vitumbua nyumbani kwa Massoudi. Vile vya iliki. Mimi kwangu sijaona iliki tangu mwezi wa Ramadhani.

Ijumaa, tarehe 19

Nimemgundua. Anaporusha mpira, kiwiko chake kinakunjika! Sheria ya kriketi inasema mkono unyooke. Baada ya alasiri nikamnong'oneza Mzee Thabit. Kunong'ona si kusengenya kama jambo ni la kweli.

Mzee hakunong'ona. Aliita watu wote, akatangaza kwamba Tajudini ana elimu ya mkono, na sasa atatuonyesha.

Nikachukua mpira. Nikakimbia kutoka mbali, mkono umenyooka kama mlingoti. Mpira ukaniponyoka mapema kuliko tulivyopatana, ukarudi nyuma, ukaenda ukutani, ukapiga redio ya wanajeshi. Wakati huo Nijeria walikuwa wanacheza na Bulgaria, Kombe la Dunia.

Kapurali Sylvère, mkubwa wao, akasimama polepole, akauliza ni nani. Klabu nzima ikanitazama kwa pamoja. Umoja wa namna ile hatujawahi kuuonyesha uwanjani.

Ni Massoudi aliyekwenda. Alikaa ukutani kati ya wanajeshi, redio mapajani, bisibisi imetoka mfukoni. Nijeria wakarudi hewani. Wakashinda. Wanajeshi wakambeba mabegani kana kwamba ndiye aliyefunga bao. Mimi niliamriwa kusimama pale nimeshika antena hadi mwisho.

Halafu akaja kunifariji, mbele za watu.

"Mukono yako haina shida, Kaka Taju. Ni mupira tu haisikie."

Mtu hata kunitukana hawezi. Nimlaumu kwa lipi?

Alhamisi, tarehe 25

Mzee Thabit ametangaza kwamba hatangoja mechi ya mwisho, kapiteni atamtaja Jumamosi hii asubuhi, kiwanjani, kati ya watakaokuwepo. Kati ya watakaokuwepo! Neno hilo nililirudia njia nzima hadi nyumbani.

Mkeka wetu wa kuchezea, ule ambao mpira hudundia juu yake, umechanika. Nami ninamfahamu Zénon, muuguzi wa zahanati ndogo kule Kamenge, kaskazini ya mji, huwa ananunua kwangu vifungo vya makoti. Nikaenda gereji. Nikamwambia Massoudi kwamba Zénon ana mkeka mkubwa ulioachwa na wageni, na yuko tayari kuutoa kwa klabu, ila aufuate Jumamosi asubuhi, siku nyingine hapana.

Zénon hana mkeka. Ana kabati na benchi.

Nimepiga hesabu vizuri. Basi la kwenda, kutafuta, kuulizana, kunywa chai kwa heshima, basi la kurudi. Akifika, kofia ya kapiteni iko kichwani kwangu. Ubaya uko wapi? Mtu atachoka miguu tu, na miguu ndiyo sifa yake.

Aliuliza kama njia ya Kamenge ni nzuri siku hizi. Nikasema nzuri. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Grisi imebaki kwenye shati.

Jumamosi, tarehe 27

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Massoudi aliondoka mapema. Kiwanjani Mzee Thabit aliangaza huku na huku, akauliza yuko wapi. Nikasema amekwenda kushughulikia mambo ya klabu. Wahindi walikuwa wanasubiri. Mzee akavua kofia yake nyeupe, akanivika mimi. Watu wakapiga makofi ya kawaida. Nilimtafuta Khadidja kwa macho; alikuwa anapanga sahani za pilau, amenipa mgongo.

Mimi kapiteni nikaamua kwamba kapiteni ndiye anayeanza kupiga. Mpira wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita karibu na sikio. Kabla ya wa tatu ikasikika milio ya bunduki, kaskazini. Si karibu. Sisi tuliozaliwa Bujumbura hatuulizani tena, sikio linapima lenyewe. Ilikuwa Kamenge.

Mpira wa tatu ukaangusha vijiti vyangu, nikawa nimetolewa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

Kapurali Sylvère akasema kutoka ukutani kwamba njia imefungwa, hakuna anayepanda wala anayeshuka. Mzee akavunja mechi. Wahindi wakapakia vitu vyao. Hapo akafika Nura, mke wa Massoudi, kanga ameivaa ndani nje. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Shemeji, bwana wangu alienda kufanya nini kule?"

Nikamwambia mkeka.

"Mukeka?" alisema. Basi. Akageuka akaenda.

Nilifika nyumbani na kofia bado iko kichwani. Nilikuwa nimesahau kama nimeivaa.

Jumapili, tarehe 28

Sikula. Asubuhi nilifuatana na Mzee Thabit hadi kwenye bariyeri ya wanajeshi, njia ya kaskazini. Tukarudishwa. Sylvère alikuwa zamu pale. Akasema ataulizia kwa wenzake kama wamemwona mtu mrefu mwenye grisi mikononi. Hakututazama usoni.

Mbele ya nyumba ya Nura wameweka viti. Watu wanasoma Yasini. Nimekaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mfereji. Jirani yangu alisema Massoudi ni mtu wa kujitolea, amekwenda kwa ajili ya klabu. Nikajifanya nakohoa.

Nimemwomba Mungu. Amrudishe, awe kapiteni. Awe rais wa klabu. Ale vitumbua vya iliki hadi azeeke, nami nitambebea gongo lake. Sitatazama tena sahani ya mwenzangu. Nimelia kwenye mkeka wa kusalia, Khadidja ameniona, akatoka polepole akafunga mlango.

Nilimaanisha. Naandika hapa kwamba nilimaanisha.

Jumatatu, tarehe 29

Amerudi!

Amekuja juu ya lori la unga wa msaada, amekaa juu ya magunia, mzima, ndevu zimeota. Nura alikimbia akavua viatu njiani. Mimi nilikimbia nyuma yake.

Alihadithia huku watu wamemzunguka. Alimkuta Zénon, na kabla hawajamaliza kusalimiana milio ikaanza. Wakajifungia zahanatini na wagonjwa. Pampu ya maji ilikuwa imekufa, akaitengeneza kwa bisibisi yake ile ile. Njia ilipofunguliwa akapata lori. Na chini ya kwapa alikuwa na kitu kirefu kilichokunjwa. Akakikunjua katikati ya barabara. Zulia la mpira, jeusi, jipya kabisa.

Halafu akaniona.

"Kaka Taju ndiye alinituma," alisema, na watu wote wakageuka. "Zénon alisema hajui mukeka yoyote. Mi nikamwambia apana, Taju hawezi kunidanganya, tafuta vizuri. Tukatafuta mu stoo, tukapata hii."

Mzee Thabit akasema Mungu amlipe Tajudini. Watu wakasema amina.

Nilifungua mdomo. Kwa kweli niliufungua. Pilau ikaletwa.

Kofia nilimrudishia Mzee mwenyewe, kwa hiari yangu, naye akamvika Massoudi. Inampendeza. Nimemkumbatia, nimelia, na yale yalikuwa machozi ya kweli. Mimi leo ni mtu mpya.

Jumatano, tarehe 1 mwezi wa saba

Watu bado wanamiminika kwa Massoudi. Kutoka butiki yangu ya vifungo naona vyote, hata nisipotaka. Viti vimefika barabarani. Wanajeshi wamempelekea sukari. Sukari, wakati huu! Kapiteni wa Wahindi amekuja mwenyewe na gongo jipya la zawadi. Ijumaa watamsomea maulidi ya shukrani, na Khadidja amehamia kule na wanawake wenzake kupika, analala huko huko. Mimi nakula vidagaa vya ndagala na bugari baridi, ugali wa jana.

Sina wivu. Hilo nilishamaliza na Mungu. Nauliza tu. Nani hakula Jumapili? Nani alikwenda bariyeri? Nani alilia? Je, kuna mtu aliyeniwekea mimi kiti hata kimoja?

Na yeye amefanya nini hasa? Amelala siku mbili ndani ya jengo la matofali na rafiki. Hata mimi naweza.

Hata mimi naweza.

Binamu yangu Musafiri anauza makaa nyuma ya soko la Jabe, ana kibanda. Kesho nitafunga butiki bila kuaga mtu. Ninapotea. Buyenzi itaona yenyewe ilivyo bila Tajudini.

Jumamosi, tarehe 4

Nimerudi. Nimelala nyuma ya magunia ya makaa, Musafiri anakoroma kama lori linalopanda mlima. Leo asubuhi sikunawa uso, makusudi. Nikapita katikati ya barabara, polepole, nikichechemea kidogo, ili habari itangulie.

Mbele ya nyumba yangu hakuna viti. Khadidja alikuwa mlangoni anachagua mchele. Akaniuliza kama natoka sokoni, sabuni iko wapi. Nikamwambia sikuwepo. Tangu Alhamisi sikuwepo! Akanitazama, akasema alijua niko kwa Massoudi. Watu wote walikuwa kwa Massoudi. Nikamuuliza kama kwenye maulidi hakuna aliyeuliza habari zangu. Akafikiri kwa uaminifu mkubwa. Akasema Mzee Thabit aliuliza nani ana ufunguo wa sanduku la mipira.

Nikaenda kiwanjani. Mechi ilikuwa inaendelea, juu ya zulia jeusi. Kapiteni Massoudi aliponiona alifurahi, akapunga kofia, akaniita Kaka Taju kwa sauti, akanionyesha mahali pangu, mbali kule ukutani, chini ya miguu ya wanajeshi, niwe naokota mipira itakayofika.

Haukufika hata mmoja. Nimesimama juani mchana kutwa, na nimepata nafasi ya kutafakari. Namshukuru Mungu, sasa nimeliona kosa langu waziwazi.

Siku mbili ni chache. Mtu haanzi kukumbukwa kwa siku mbili. Mwezi ujao nitapotea wiki nzima.