Waraka Kuhusu Wekundu wa Kisanduku

Ninawatangazia wakaaji wote wa Uvira, kuanzia Sange hadi Makobola, kwamba hakuna tahadhari ya ziwa iliyowahi kupotea. Ilikuwepo muda wote. Haikusomeka tu, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na ambalo mimi, Thaddée Kwizera, Chef wa Kitengo cha Mwonekano katika Ofisi ya Tahadhari za Ziwa, ninalijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni mimi niliyelisimamia.

Ofisi yetu ina ukurasa wa mtandao, na katikati ya ukurasa kuna kisanduku. Ziwa likitulia, kisanduku ni kitupu. Upepo mbaya ukikaribia, kinakuwa chekundu, na maandishi meupe ndani yake yanawaambia wavuvi wasitoke. Ni kisanduku cha kisasa: kimejifunga. Rangi ukiiamuru kutoka nje haiingii ndani, ila uiandikie alama maalumu ya kupenyeza. Zamani alama hiyo ilikuwa neno moja la Kiingereza kati ya mikwaju miwili, /deep/, maana yake ndani kabisa. Nililipenda neno hilo. Nilitoa waraka wa kulitambua rasmi, nikaagiza muhuri wake kutoka Bujumbura, nikaugonga hata kwenye barua za likizo.

Kisha watengenezaji wa vivinjari vya mtandao, watu ambao hawajawahi kukanyaga Uvira, wakaifuta alama yetu bila kutuandikia.

Aliyeniletea habari hiyo ni Ornella Ninahazwe, binti tuliyemwajiri kwa mkataba wa miezi sita kuandika CSS, yaani zile amri zinazopanga rangi na umbo la ukurasa. Aliniambia kwa adabu kwamba kwenye simu mpya kisanduku hakiwi chekundu tena. Nikafungua kompyuta yangu. Kilikuwa chekundu kama nyanya. Nikamweleza kwamba kompyuta ya ofisi ndiyo kipimo, na simu za watu zinapaswa kuifuata. Akasema kompyuta hiyo haijasasishwa tangu inunuliwe. Nikamwambia huo unaitwa msimamo.

Hata hivyo mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Niliunda kamati. Kamati ikakaa wiki tatu, ikanywa soda nyingi za sucré, ikagundua kwamba kulikuwa na alama nyingine, ya mishale mitatu: >>>. Nikatoa waraka wa pili na kumwita mchoraji aichore mishale hiyo kwenye ukuta wa mapokezi. Wageni wakaifuata, wakafika chooni. Rangi ilikuwa haijakauka Ornella aliponiambia kwamba mishale nayo ilishafutwa zamani.

Nikamwuliza hao watu sasa wanataka nini.

"Sasa hakuna tena kupenyeza, Chef," akasema. "Mwenye kisanduku mwenyewe anapatia sehemu yake jina, anasema hii muko na ruhusa ya kuipaka rangi. Halafu siye ya inje tunaita lile jina na ::part."

Yaani ofisi nzima iombe ruhusa kwa kisanduku. Nilikuwa na hakika kilitoka Ulaya, maana folda yake ilifungwa kwa neno la siri. Ornella akaniomba nimfungulie. Nikamkumbusha kwamba mkataba wake unamruhusu kugusa mambo ya nje tu. Kisha nikaandika waraka wa tatu, unaowapa watengenezaji wa vivinjari duniani kote saa sabini na mbili kuirudisha alama ya zamani. Nakala nikaipeleka Lemera, kule milimani, kwa taarifa.

Saa hizo zilikuwa hazijaisha upepo ulipokuja. Tahadhari tuliitoa mapema, saa nne asubuhi. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza sana. Nilimwita katibu aje aione.

Kesho yake aliingia ofisini Mama Célestine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Makobola. Mume wake, Placide, alikuwa ametoka na mtumbwi mchana ule. Mawimbi yaliupindua, naye akaung'ang'ania ukiwa umepinduka mpaka wenzake wakamfikia. Sasa alikuwa amelala nyumbani, mkono mmoja hauinuki, nyavu zote zimezama. Mama Célestine hakulia, wala hakupaza sauti. Aliweka simu yake mezani kwangu, simu mpya, waliyoinunua kusudi wafuate tahadhari zetu.

"Chef, minye nilisoma, niko najua kusoma," akasema. "Jana nilifungua hapa mbele atoke. Iko kisanduku cheupe, hakuna kitu ndani. Ni minye nilimuambia: enda, ziwa iko muzuri."

Niliitazama simu. Maandishi meupe juu ya weupe. Nilifungua kinywa nimweleze tofauti kati ya kutokuwepo na kutosomeka, nikakifunga. Katika miaka yangu yote ya utumishi, sikuwahi kukosa neno.

Kwa kuwa nilikosa neno, niliitisha mkutano. Directeur wetu, Frédéric Nizigama, akaja mwenyewe. Wavuvi wa Makobola wakaja na Mama Célestine, wakakaa kwenye viti vya mbele vilivyotengwa kwa ajili ya wakuu. Nikasoma ripoti ya kurasa kumi na moja. Ilithibitisha kwamba kosa lote ni la mtu mmoja asiyejulikana, aliyekifunga kisanduku kwa kiburi ili ofisi halali isiingie. Directeur akapiga meza, akataka mtu huyo ajulikane leo hii. Akaniamuru nimpe Ornella neno la siri. Nikalitafuta kwenye droo, nikampa. Lilikuwa jina langu. Mwanzoni nilidhani ni sadfa.

Ornella akafungua folda, projekta ikaitoa picha yake ukutani. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa kwa Kifaransa. Akausoma kwa Kiswahili ili wote wasikie: kisanduku kimefungwa kwa amri ya Chef Thaddée, mtu wa nje asiguse rangi bila sahihi yake. Tarehe ilikuwa ya mwezi niliopandishwa cheo.

Hapo nikakumbuka. Mtu fulani alikuwa amebadili buluu ya kichwa cha ukurasa bila kuniuliza, nami nilikasirika.

Mama Célestine akauliza taratibu huyo chef yuko wapi. Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, nikasema kwa niaba ya ofisi kwamba uchunguzi utafanyika, nikakaa.

"Asimame tena," akasema. "Tumuone muzuri."

Nikasimama. Nikiwa wima hivyo, Ornella akaipa sehemu ya ndani jina, akaandika mstari mmoja upande wa nje. Dakika nne, bila sahihi ya mtu. Simu za wavuvi zikawa nyekundu moja baada ya nyingine, na tahadhari ya siku ile, ambayo hatukuwa tumeiondoa, ikasomeka. Mama Célestine aliisoma mara mbili, kisha akaizima simu.

Directeur akamteua Ornella kuwa chef wa kitengo, kuanzia dakika hiyo, mahali pangu. Mkutano ukaendelea. Ikaamuliwa kwamba nyavu za Placide nitazinunua mimi, na kwamba nitazifikisha Makobola mwenyewe. Miguu ikaanza kuniuma. Nikamwomba chef mpya ruhusa ya kukaa.

Ornella alinitazama kwa adabu ileile.

"Uandike barua, Papa Thaddée," akasema. "Nitaiangalia."