Sifuri Mbele ya Jina Langu

Kwa Meneja,
Mradi wa Maji ya Bomba,
Lushoto.

YAH: KUTHAMINIWA KWA KAZI YANGU YA KUSIMAMA

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umeketi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Lukozi. Jumapili, baada ya ibada, ofisa wako Binti Faudhia alitusomea thamani ya kazi ya kila mmoja katika msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuchimba mtaro wa bomba, ili wafadhili waihesabu kuwa mchango wa kijiji. Mimi nilipewa sifuri. Wakwe zangu walikuwepo. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nilisimama kando ya mtaro tangu asubuhi, katika ukungu, nikielekeza. Wachimbaji walikuwa wameinama. Hakuna aliyeweza kuona mtaro unakokwenda.

2. Mke wangu, Beatha, amethaminiwa kwa kupika uji. Uji ule niliuonja mimi kwanza.

3. Kila aliyefika aliniamkia "Shikamoo", nami nikamwitikia, nikamuuliza habari za nyumbani, nikangoja jibu. Pasipo mzee wa kuamkiwa, kazi ingeanza bila adabu, na mtaro usio na adabu hupinda.

4. Aliyeshika sururu vibaya nilimsimamisha, nikamfundisha upya. Esta, jirani yangu, alinijibu, "Mwalimu, shuka na wewe basi, udongo hauumi!" Watu wakacheka, wakachimba kwa nguvu mpya. Kicheko hicho kilitokana na mimi. Kithaminiwe.

5. Nilifungua kazi kwa sala, nikaifunga kwa sala. Binti Faudhia ameiandika sala ya pili kuwa "muda uliopotea". Hilo nimemwachia Mungu. Nakala kwa Mchungaji.

Kwa hiyo naomba nithaminiwe kama mtaalamu, kwa kiwango kilekile cha mhandisi wenu, ambaye naye alisimama tu, tena kwa muda mfupi kuliko mimi.

Nisalimie wahasibu, dereva, na Binti Faudhia, ambaye bado namwombea.

Wako katika kazi isiyohesabiwa,
Mwl. Nathanieli (Mstaafu)

Tanbihi: Barua hii imenichukua wiki mbili, kwa kuwa kila nilipokosea niliinakili upya. Leo nimetoka nje, nikakuta mtaro umekwisha, umenyooka, na maji yanatoka bombani. Nimeyanywa, ni mazuri. Mwenyekiti wetu, Rubeni, amepita kuniuliza, kwa heshima zote, kama sina malalamiko mengine, kwani Jumatatu wanaanza kujenga tangi. Ameniletea rimu nzima ya karatasi.